Siku 11 za kusubiri beta, na mwili uliokua unanidanganya

Naanza kwa kukiri kitu. Kipindi nasubiri beta, yani kile kipimo cha damu cha kuona kama mimba imeshika, nilikua nasoma stori za wenzangu waliopandikizwa kiinitete, na nilikua naruka mpaka mwisho kwanza nione kama alipata, akiwa amekosa siisomi kabisa, eti isije ikaniletea nuksi. Kwahiyo mimi sikuambii hapa juu iliishaje, soma tu taratibu.

Mirija yangu ya uzazi yote miwili imeziba. Hilo tulilijua mwaka wa sita wa ndoa baada ya kile kipimo cha picha wanachopitisha dawa kwenye kizazi, nacho kina hadithi yake na kilio chake, tukiache. Dokta akasema hapa iliyobaki ni IVF, yani wanavuna mayai, wanayarutubisha maabara, alafu wanakupandikiza kiinitete kwenye kizazi, tukauza kiwanja cha Chanika maana bima yetu haikutoa hata shilingi, tukaingia.

Sasa watu wote wanakuhadithia sindano. Ooh sindano kila jioni, ooh tumbo kujaa, ooh kuvuna mayai. Ni kweli ila kwenye sindano angalau una kazi ya kufanya, kila baada ya siku mbili uko kliniki wanakupiga utrasaundi, wanahesabu mayai, unajiona kama mradi una msimamizi. Baada ya kupandikizwa ndo unaachwa. Unapewa dawa zako, unaambiwa rudi siku ya 11 tupime damu, kwaheri. Kutoka kuangaliwa kama yai mpaka unarudi Kimara kwenye kochi lako unatazama tamthilia na hakuna mtu duniani anayejua ndani kunaendelea nini, hata dokta hajui, hata wewe mwenye tumbo hujui.

Kupandikizwa kwenyewe ni dakika chache tu. Unaambiwa unywe maji kibofu kijae ili utrasaundi ione vizuri, kwahiyo mawazo yako yote yako kwenye mkojo badala ya kuwa kwenye muujiza. Nikaona kwenye skrini kitu cheupe kinamulika, machozi yakanitoka nikasema mwanangu yule, sista akaniambia dada hicho ni kahewa na kamaji kalikokuja nacho, kiinitete chenyewe hukioni, ni kidogo mno. Sikujali, nililia hivohivo.

Alafu nikaogopa kukojoa. Nimebanwa mpaka natetemeka ila nikamuuliza dokta, nikikojoa hakitatoka? Nikikohoa je? Naona walishazoea haya maswali. Akaniambia mama, mfuko wa uzazi sio rambo kwamba uko wazi kitu kinaning'inia, kuta zake zimegusana, chukulia vipande viwili vya mkate vimepakwa Blue Band katikati kuna punje ya mchanga, hata ukiutikisa ile punje haidondoki, nenda kakojoe. Na akasema hakuna haja ya kulala kitandani, kulala hakuongezi kitu, tembea, nenda kazini ukitaka, ila usibebe mizigo mizito.

Nilimuelewa vizuri kabisa. Nikaenda nyumbani nikalala siku nne miguu juu ya mito.

Maana mama mkwe alishapiga simu kutoka Muheza akasema mwanangu usishuke kitandani, na kati ya dokta aliyesoma na mama mkwe aliyezaa saba nilimchagua aliyezaa saba. Mume wangu ananiletea uji kitandani. Chafya ikija nabana miguu. Mwanamke mzima nina miaka 34 napiga chafya kama nafunga breki.

Sasa siku ya tatu, ilikua Jumapili, ndo nikafanya ujinga.

Nilikua nimenunua vipimo vya mkojo famasi, vile vya kijiti cha kuchovya, nikachukua vitano kwenye famasi mbili tofauti ili muuzaji asinishangae. Saa kumi alfajiri naamka, umeme hakuna, nimechuchumaa bafuni na tochi ya simu nimeing'ata kwa meno, kikombe mkono huu kijiti mkono huu. Nahesabu dakika. Mstari wa kwanza ukaja mwekundu kama kawaida. Nikasogeza tochi. Pembeni kuna kivuli. Nikageuza kijiti huku, nikageuza kule, nikazima tochi nikawasha tena, kivuli kipo. Ka mstari kembamba kama uzi wa pinki uliofuliwa sana.

Nikapiga kelele mpaka mbwa wa jirani akabweka. Mume wangu akaja mbio anadhani nyoka. Tukakaa sakafuni bafuni wawili sisi tunaangalia kijiti cha buku, analia nalia, na kabla hata hakujapambazuka alishatoka nje na simu, nikamsikia anasema mama, imekubali.

Kitu ambacho nilikua nimeambiwa na nikasahau, au sikutaka kukumbuka, ni hiki. Siku moja na nusu kabla ya kuvuna mayai unachomwa sindano ya mwisho ya kuyapevusha. Ile sindano yangu ilikua ni hCG, homoni ya mimba yenyewe, ileile ambayo kijiti cha famasi kinaitafuta kwenye mkojo. Inaweza kukaa mwilini siku kumi mpaka wiki mbili. Kwahiyo kile kijiti hakikukosea hata kidogo, kilikuta homoni kikasema kuna homoni, ila ilikua ni ya kwenye kichupa cha kliniki tuliyoilipia sisi wenyewe. Kiinitete siku ya tatu kama kimeshika ndo kwanza kimeanza kujishikiza, hakijapata hata muda wa kutoa cha kuonekana kwenye mkojo.

Jumanne nikapima tena. Mstari upo ila umefifia. Nikajiambia kijiti kibovu. Nilikua naviweka kwenye kopo tupu la Blue Band, kila kimoja nimekiandika tarehe kwa kalamu, navipanga dirishani kwenye mwanga wa jua navilinganisha kama mtu anayechagua rangi ya kitenge. Alhamisi nikapima, hapo hata kwa kulazimisha macho sikuona kitu. Sikumwambia mume wangu. Nikalifunika kopo nikalisukuma nyuma ya unga.

Na katikati ya hapo mwili wangu ulikua unanihakikishia kabisa kwamba mimi ni mjamzito. Matiti yanauma hata nguo ikigusa. Usingizi mchana. Tumbo linavuta chini, choo hakuna, gesi, nimekaa nikasikia harufu ya samaki wa kukaanga kutoka kwa jirani nikatapika kabisa, sio utani. Nilikua nashinda kwenye simu natafuta, matiti kuuma siku ya sita baada ya kupandikizwa, tumbo kuvuta upande wa kushoto siku ya saba, na intaneti ukiiuliza hivo haikosi mtu aliyeona hicho kitu akapata mapacha.

Jumatatu siku ya 11 beta ikatoka chini ya 5. Yani hakuna.

Siku hiyohiyo mchana mume wangu akapigiwa simu na kondakta kwamba kuna mzigo wenu kutoka Tanga umefika stendi ya Magufuli pale Mbezi, njoo uchukue. Akaenda, afanyeje. Akarudi na kiroba cha machungwa, asali kwenye chupa ya maji, na bahasha ya kaki ndani yake doti ya khanga mpya. Mama mkwe alininunulia khanga ya kubebea. Doti nzima haijakatwa, bado ina ule ugumu wa dukani na harufu yake. Tukaimaliza ile siku bila kuongea, yale machungwa mpaka yanaoza yalikua pale jikoni hakuna aliyeyagusa. Na bado kuna mtu inabidi apige simu Muheza kusema imekataa, na mtu huyo akawa mimi maana mume wangu alishindwa, akawa anashika simu anaiweka. Mama mkwe hakunilaumu hata neno. Alisema tu "pole mwanangu, basi." Hiyo basi yake ilinikaa wiki.

Uongo dhambi, beta ile iliniuma, ila simu ile iliniuma zaidi. Beta ilinikuta mimi. Simu ilinifanya nimnyang'anye mtu mzima mjukuu niliyempa mwenyewe kwa kijiti cha buku.

Tukakaa miezi mitano. Tulikua na viinitete viwili kwenye barafu, mie naita barafu ila ni naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Nilimuuliza dokta umeme ukikatika inakuaje, maana friji langu nalijua, akacheka akasema lile tanki halitegemei umeme, wanaongeza naitrojeni tu isipungue. Nikalala vizuri usiku huo.

Safari ya pili haikuwa na kuvuna, kwahiyo hakuna ile sindano ya kupevusha, kwahiyo hakuna homoni ya kunidanganya kwenye mkojo. Nilimeza vidonge vya kuandaa kizazi, alafu nikaanza projesteroni ya sindano, homoni ya kukisaidia kizazi kishike mimba, ile ya mafuta. Wanaoijua wanaijua. Mafuta mazito, sindano ndefu, takoni, kila usiku. Zahanati ya mtaani nilienda siku moja nesi akaniuliza kwa sauti mbele ya foleni, dada hii ni ya nini? Sikurudi. Mume wangu akafundishwa na sista wa kliniki, akawa ananichorea alama ya msalaba kwenye tako kwa kalamu ili achome robo ya juu kwa nje, mikono inamtetemeka, na mimi nimekikumbatia kichupa kwapani dakika kumi kipate joto mafuta yalainike. Baadae nakalia chupa ya soda yenye maji ya moto maana panakua na bonge. Baada ya wiki alikua fundi, anachoma huku anasikiliza mpira redioni.

Tukapandikiza kiinitete kimoja, Jumamosi. Jumatatu nikaenda kazini, kutoka Kimara mpaka Gerezani nimesimama kwenye mwendokasi nimeshika bomba, najikumbusha mkate na Blue Band, mkate na Blue Band. Nafanya kazi duka la vifaa vya umeme Kariakoo, nakaa kaunta, naandika risiti. Ilinisaidia kuliko maombi yote niliyoombewa, na Mungu anisamehe kwa kusema hivo, ila mteja akiwa anakupigia kelele kwamba waya ni wa futi ngapi huwezi kusikiliza titi.

Na mwili ukaanza tena. Yale yale! Matiti, usingizi, choo kugoma, tumbo kuvuta. Safari hii nilichukua karatasi nikaandika kila dalili na siku yake, nikaiweka pembeni ya kile nilichokumbuka cha safari ya kwanza iliyokataa, na zilifanana kama pacha. Ndo hapo nikaelewa maneno ya sista aliyosema kwa kupita tu, kwamba siku hizi dada mwili wako hauongei, dawa ndo inaongea. Projesteroni nayo ni homoni ya mimba, ukiichoma kila usiku inakuletea mambo ya mimba, uwe nayo usiwe nayo. Niliichana ile karatasi. Sijasema niliacha kujibonyeza matiti, nilikua nabonyeza, ila nilikua najua nabonyeza dawa.

Ijumaa siku ya sita, chooni dukani, nikaona doa la kahawia kwenye karatasi. Dogo kama mbegu ya ukwaju iliyosagwa. Nilikaa pale chooni mpaka mwenzangu akagonga mlango. Nikapiga kliniki nanong'ona, wakaniuliza rangi gani, jekundu au kahawia, linajaza pedi au doa tu, maumivu makali yapo? Wakasema inaweza kutokea, sio dalili ya kupata wala ya kukosa, endelea na dawa, usiache hata moja mpaka beta. Hili la kuacha dawa nalisema kwa herufi kubwa kichwani kwangu maana namjua dada mmoja aliona damu akajiamulia imetoka, akaacha sindano siku tatu kabla ya kupima, na mpaka leo hajui ingekuaje. Hata kijiti kikikuambia hapana siku ya nane, kijiti kinaweza kuwa kimewahi. Dawa unaacha ukiambiwa na dokta.

Jumapili siku ya nane kulikua na shughuli ya wifi, Ukonga. Unajua shughuli zetu. Kreti za soda zimeshuka kwenye kirikuu, wanawake wote tunaitwa tubebe, mimi nikasema mgongo unauma. Wifi mkubwa akaniangalia. Baadae nikamsikia jikoni anasema yule anajiona, toka aanze kazi mjini hashiki kitu. Ningeweza kumnyamazisha kwa sentensi moja. Niliosha sahani nimekaa kwenye kigoda mpaka vidole vikakunjamana, na nikanyamaza, na nakuambia hiyo ndo kazi ngumu kuliko sindano zote 70 na kitu nilizochomwa.

Maana hilo ndo tulikubaliana safari hii. Hakuna kumwambia mtu. Sio kwa ajili ya husda, wengi wanasema husda, mimi hapana, ni kwa sababu ukiwaambia watu tarehe, tarehe inakua ya wote. Safari ya kwanza siku ya 11 nilikua na meseji tisa kabla sijatoka maabara. Mume wangu alikua akiongea na mama yake nakaa pembeni namkazia macho. Akaona bora apunguze kumpigia.

Vijiti? Nilinunua kimoja. Siku ya tisa usiku nikakitoa, nikakiweka juu ya friji, nikakirudisha, nikakitoa. Nikamwambia mume wangu kifiche. Alikificha kwenye boneti la gari la rafiki yake, sijui aliwaza nini, kipo huko mpaka leo nadhani kishaungua.

Jumatano nikatolewa damu saa mbili asubuhi, wakasema tutakupigia mchana. Nikaenda kazini. Saa nane hawajapiga. Saa tisa nikaangalia simu kama ina chaji, nikajipigia kwa simu ya duka kuhakikisha inaita. Saa kumi kasoro nipo namhesabia mteja soketi, ikaita. Sista akataja majina yangu yote matatu, nikajua moja kwa moja ni mbaya, maana habari mbaya ndo huanza na majina matatu. Akasema beta yako ni 214. Nikaandika 214 kwenye kitabu cha risiti. Nikamuuliza ndo nini sasa? Akasema ni mimba dada, ila urudi Ijumaa, tunataka tuone inavyopanda, namba moja peke yake haituambii sana, baada ya siku mbili tunategemea iwe karibu mara mbili.

Mteja akanilipia soketi 20, nikamwandikia risiti ya soketi 214. Alirudi nayo.

Nikatoka nje pale kwenye kelele za mikokoteni nikampigia mume wangu. Nikasema 214. Akasema elfu? Nikasema hamna elfu, 214 tupu. Akauliza sasa hiyo ni nyingi au ni kidogo? Nikasema ni mimba, ila Ijumaa turudi. Kimya. Nikasikia anavuta kamasi. Alafu kwa sauti ya chini kabisa, "Mama je, tumwambie?"

"Thubutu."

Ijumaa ikawa 471. Kumbe kusubiri hakuishi, kunabadilika jina tu, ukitoka kwenye beta unasubiri utrasaundi, na mimi wiki zile mbili zilinipita vibaya kuliko za kwanza sababu sasa nilikua na cha kupoteza. Wiki ya saba tukaenda, sista akageuza skrini, pakawa na kitu kinapepesa haraka haraka kama taa ya modemu. Safari hii sikuuliza kama ni hewa.

Tukampigia mama mkwe tukiwa bado kwenye parking ya kliniki. Mume wangu akaweka spika. Akasema mama, mkweo ana mimba, tumeona moyo. Mama mkwe akamshukuru Mungu, alafu akasema nilijua mimi, mmeacha kunipigia mwezi mzima, nikasema hawa kuna kitu wanakiogopa, nikawaacha.

Akaomba aongee na mimi. Nikasema shikamoo mama. Akaitikia, akakaa kimya kidogo.

"Zile khanga ulizikata?"

"Hapana mama, ziko vilevile kwenye bahasha."

"Haya zikate, uzipinde."